LED, QLED au OLED: TV ipi iende sebuleni kwako?

Ukiingia duka la TV Kariakoo, au ukipita Luthuli Avenue kule Nairobi, unakuta ukuta mzima umewaka. Samaki wa rangirangi wanaogelea, maua yanachanua taratibu, majengo ya Dubai yanaonekana usiku kutoka angani. TV ya bei ya chini na ile ya bei mara tatu zote zinapendeza, na muuzaji yuko begani mwako: "Hii QLED bosi wangu, hii ndiyo habari ya mjini."

Dukani kila TV imewekwa katika hali inayoibeba. Picha inatoka kwenye flashi, ni video ya 4K iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya kuuzia TV. Mwangaza umepandishwa hadi mwisho na rangi zimekolezwa, mpangilio ambao kwenye menyu huitwa Vivid au Dynamic. Dirisha hakuna, na wewe umesimama katikati kabisa, hatua mbili kutoka kwenye kioo. Nyumbani picha itatoka kwenye king'amuzi, jua la saa kumi alasiri litapiga kioo, mjomba atakaa kochi la pembeni, watoto watakaa kwenye zulia, na umeme utakatika dakika ya themanini matokeo yakiwa 1–1. Ndiyo maana hapa nazilinganisha TV hizi kwa kuziangalia zikiwa sebuleni, nikiacha maneno ya kwenye boksi.

Tuweke majina sawa kwanza. LED ya kawaida na QLED zote mbili ni TV za LCD: kioo chenyewe hakitoi mwanga, kinapitisha na kuzuia mwanga wa taa za LED zilizopangwa nyuma au pembeni yake. QLED inaongeza utando wa chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita, ambazo hufanya rangi nyekundu na kijani ziwe safi zaidi. Samsung walianza kulitumia jina hilo kwa TV zao mwaka 2017, na Hisense na TCL wakalichukua pia. OLED ni kitu kingine kabisa. Haina taa za nyuma. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inawaka na kuzimika yenyewe. LG waliingiza sokoni OLED ya inchi 55 mwaka 2013, na hadi leo hilo ndilo jina linalotajwa zaidi kwenye aina hiyo, pamoja na Sony na Samsung.

Tunapima kwa vigezo gani?

Maswali matano yanatosha, na nitayauliza yaleyale kwa kila aina. Sebule ina mwanga kiasi gani wakati mnapotazama? Watazamaji wanakaa wapi, wote mbele au wametawanyika? Mnatazama nini zaidi: mpira, tamthilia za king'amuzi, filamu za mtandaoni, au PlayStation? Umeme wenu ukoje, na TV ikiharibika fundi wa mtaani ataiweza? La mwisho ni bei, ambalo wengi huanza nalo.

Kabla ya hayo matano, malizana na ukubwa. Inchi hupimwa kona kwa kona, kwa hiyo haikuambii kama TV itaingia kwenye kabati lako. TV ya inchi 43 ina upana wa kama sentimita 95, ya 55 kama 122, ya 65 kama 144. Chukua futi kamba upime nafasi kabla hujatoka nyumbani. Kwa umbali wa kukaa, kipimo kinachofaa sebule nyingi ni kuzidisha inchi kwa 1.6, jibu likiwa inchi za umbali: hiyo ni kama mita 1.75 kwa inchi 43, mita 2.2 kwa 55, na mita 2.6 kwa 65. Kipimo hicho lakini kinadhani picha ni nzuri. Chaneli nyingi za ving'amuzi vyetu bado si HD. Zinakuja na mistari 576 ya picha, na TV ya 4K inalazimika kuivuta ijaze mistari 2,160. Ukikaa karibu na TV kubwa yenye picha ya namna hiyo, nyuso zinaonekana kama zimepakwa mafuta. Kama nyumba yenu ni ya taarifa ya habari na tamthilia za kwenye king'amuzi tu, sogeza kochi nyuma kidogo au shuka saizi moja.

Kuhusu 4K yenyewe sitasema mengi. Ni pikseli zaidi ya milioni 8 dhidi ya milioni 2 za Full HD, lakini kwenye inchi 32 au 40, ukiwa kwenye kochi, jicho halioni tofauti hiyo. Kuanzia inchi 50 karibu zote zinazouzwa sasa ni 4K, kwa hiyo si jambo la kukukosesha usingizi.

LED ya kawaida

*Mwanga wa sebule.* Nyingi hutoa kati ya niti 250 na 350 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo). Sebule yenye pazia, au ya kutazama jioni, hiyo inatosha kabisa. Sebule yenye dirisha linalotazamana na TV, au ile ya pwani ambapo mlango wa barazani hushinda wazi ili upepo upite, mchana picha itapauka. Pazia zito hapo ni nafuu kuliko kubadilisha TV. Maandishi ya HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza) kwenye boksi la TV ya namna hii yapuuze: inaweza kuipokea picha ya HDR, lakini haina mwanga wa kuionyesha inavyotakiwa.

*Watazamaji.* Hapa kuna siri ambayo boksi halisemi. Vioo vya LCD viko vya aina mbili kubwa, VA na IPS. VA ina weusi uliokolea, sehemu angavu ikiwa mara 3,000 au zaidi ya sehemu ya giza, lakini anayekaa pembeni anaona rangi zimefifia. IPS inakaa karibu na mara 1,000, hivyo usiku ukizima taa weusi unakuwa kijivu, ila wa pembeni anaona karibu sawa na wa katikati. Kuzitambua ni rahisi: mwambie muuzaji asimamishe picha yenye uso wa mtu, kisha tembea hadi kwenye kona ya duka. Rangi ya ngozi ikichujuka haraka, hiyo ni VA.

*Mnachotazama.* Habari, katuni, tamthilia na vichekesho vya YouTube, hakuna shida yoyote. Mpira unatazamika, ila nyingi zina kioo cha 60Hz, yaani kinachobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, na pasi ndefu ikipigwa mpira unaweza kuacha kimkia. Wengi hawakioni mpaka waonyeshwe, kwa hiyo usimwonyeshe mwenzako kama mmeshainunua. Maneno kama "Motion Rate 120" au "200" ni ya biashara. Uliza kioo chenyewe kina hezi ngapi.

*Umeme na fundi.* Inchi 43 hula kama wati 60 hadi 90, inchi 55 kama 100 hadi 150. Tuseme wati 100 kwa saa tano kila siku: nusu uniti kwa siku, uniti 15 kwa mwezi. Kwa Tanzania, mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la D1, lile la uniti 75 kwa mwezi, TV hiyo peke yake imekula moja ya tano ya nafasi yake. Kuhusu ubovu, ugonjwa mkubwa wa TV hizi ni taa za nyuma kuungua. Sauti ipo, picha hakuna. Ukimulika kioo na tochi gizani unaona picha hafifu kwa mbali. Habari njema ni kwamba fundi yeyote mzoefu anabadilisha taa hizo, na vipuri vyake viko tele. Njia ya kuchelewesha ugonjwa huo ni kushusha mwangaza wa taa kutoka 100 hadi 60 au 70 siku ya kwanza tu. Macho yatazoea baada ya siku mbili.

*Bei.* Ndiyo ya chini kuliko zote kwa saizi ileile, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Pesa inayonunua QLED ya inchi 43 mara nyingi inakaribia LED ya saizi kubwa zaidi. Kwa familia kubwa, mimi ningechukua ukubwa.

QLED, na ndugu yake Mini-LED

*Mwanga wa sebule.* Jina QLED linakuambia habari ya rangi, halikuambii habari ya mwanga. QLED ya bei nafuu ni LED ya kawaida yenye rangi nzuri zaidi. Mwanga wake unaweza kuwa niti 350 au 400, basi. Kinacholeta tofauti ya kweli ni jinsi taa za nyuma zilivyopangwa. Zikiwa pembeni tu, TV inakuwa nyembamba na inapendeza ukutani, lakini haiwezi kuzima sehemu moja ya picha na kuacha nyingine ikiwaka. Zikiwa zimetapakaa nyuma nzima na kugawanywa katika kanda zinazopunguzwa mwanga kila moja kivyake, picha inabadilika kabisa. Mini-LED ndiyo hatua ya juu ya mpango huo: taa ndogondogo maelfu, kanda mamia, na mwanga unaoweza kupita niti 1,000. TCL walikuwa wa kwanza kuziuza, mwaka 2019. Sasa Hisense, Samsung na wengine wanazo. Kwa sebule inayoingia jua mchana, hii ndiyo inayoshindana na dirisha bila kuchoka.

Kwa hiyo usiulize "hii ni QLED?" Uliza "taa zake ziko nyuma nzima au pembeni, na zina kanda ngapi?" Muuzaji akibabaika, tafuta namba ya modeli kwenye simu yako hapohapo dukani. Usitegemee jina kubwa la mbele. Soma herufi na tarakimu zote, maana modeli mbili zenye jina moja na mwisho tofauti zinaweza kuwa na vioo tofauti.

*Watazamaji.* Nyingi ni VA, kwa hiyo tatizo la kochi la pembeni liko palepale. Zile za bei kubwa huwekewa utando wa kupanua pembe, na zinasaidia, ingawa haziifikii OLED.

*Mnachotazama.* Mpira unapendeza: kijani cha uwanja kinakolea, jezi nyekundu haigeuki chungwa. Modeli za juu zina 120Hz, na hapo kimkia cha mpira kinapungua. Wenye PlayStation 5 au Xbox Series X watafute HDMI 2.1 inayopitisha 4K kwa 120Hz, HDMI 2.0 inaishia 60Hz kwa 4K. Faida moja isiyotangazwa sana ni kwamba TV hizi za juu huja na prosesa bora ya kusafisha picha ya king'amuzi isiyo HD, na kwa matumizi yetu hiyo inaweza kuonekana kila siku kuliko hata hizo rangi. Kasoro yake hujitokeza usiku: tafsiri nyeupe chini ya filamu yenye giza inakuwa na ukungu wa mwanga kuizunguka, kwa sababu kanda ya taa ni kubwa kuliko herufi.

*Umeme na fundi.* Mwanga mwingi unalipiwa. Mini-LED ya inchi 65 ikiachiwa mwangaza wa juu inaweza kupita wati 200. Taa za QLED ya kawaida zinatengenezeka kama za LED. Za Mini-LED ziko kwenye bodi ngumu zaidi, na si kila fundi ataigusa.

*Bei.* QLED za kuingilia zimeshuka hadi tofauti na LED ya saizi ileile si ya kuogopesha. Mini-LED ya kweli ni ngazi nyingine, na ndipo swali la OLED linapoanza kuingia kichwani.

OLED

*Mwanga wa sebule.* Ukiizima taa ya chumba, hakuna aina hapa inayoikaribia. Pikseli ya sehemu nyeusi imezimika kabisa, hivyo anga la usiku ni jeusi kama usiku wenyewe na nyota inakaa peke yake bila ukungu. Mchana ni hadithi nyingine. Kioo chake kwa kawaida kinang'aa, na kikitazamana na dirisha utajiona wewe na mapazia yako. Pia picha nyeupe ikijaza kioo kizima, TV inajipunguza mwanga yenyewe kujilinda, kwa hiyo uwanja uliopigwa jua kali hautawaka kama kwenye Mini-LED.

*Watazamaji.* Hapa inashinda wazi. Aliye kwenye zulia, aliye kwenye kiti cha kulia chakula, aliyesimama mlangoni akisema anaondoka lakini haondoki, wote wanaona picha ileile.

*Mnachotazama.* Filamu na tamthilia za mtandaoni ndiyo makazi yake. Mpira nao unatoka safi, kwa sababu pikseli zake hubadilika karibu papo hapo na mkia haupo. Suala ni kile kisichosogea. Nembo ya chaneli kwenye kona, ubao wa matokeo, ule utepe wa habari unaopita chini siku nzima: pikseli zinazoonyesha vitu hivyo kwa saa nyingi kila siku huchakaa kabla ya wenzake, na baada ya muda mrefu nembo inaweza kubaki kama kivuli hata ukibadilisha chaneli. OLED za sasa zimewekewa kinga, zinasogeza picha kidogokidogo na kufifisha nembo, na familia inayochanganya vipindi haina sababu ya hofu kubwa. Nyumba ambayo TV huwashwa asubuhi kwenye chaneli moja ya habari na kuzimwa wakati wa kulala ina sababu.

Kuna jambo ambalo sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja. OLED hujifanyia matengenezo mafupi ya pikseli ikiwa imezimwa kwa rimoti, baada ya kutumika jumla ya saa nne hivi. Inahitaji kuwa bado inapata umeme, ile hali ya taa nyekundu. Sisi wengi tumelelewa kuzima TV kwenye swichi ya ukutani, kwa kuogopa radi na kwa kubana uniti. Ukifanya hivyo kila usiku, TV haipati nafasi ya kujitengeneza, na unaharakisha uchakavu uleule unaouogopa. Izime kwa rimoti, nenda kaoge, ukirudi ndipo uzime ukutani kama roho haitulii.

*Umeme na fundi.* Ulaji wake unafuata picha: filamu ya giza inakula kidogo, mpira wa mchana unakula zaidi, na kwa inchi 55 wastani hautofautiani sana na LED. Ubovu ndio mzito. Hakuna taa za kubadilisha. Kioo kikiharibika au kikipasuka, bei ya kingine inakaribia TV mpya. Na ni kioo chembamba sana. Kama una mtoto wa miaka mitatu anayejifunza kurusha vitu, mnaweza kusubiriana kwanza.

*Bei.* Kwa inchi 55, tarajia mara mbili hadi tatu ya LED ya kawaida, na mara nyingine zaidi. Chini ya inchi 42 utazikosa.

Yasiyotegemea aina ya kioo

Mfumo wa smart unaweza kukukera kuliko picha mbaya. TCL na Sony hutumia Google TV, Samsung wana Tizen, LG wana webOS, Hisense wana VIDAA kwenye modeli nyingi. Yote inafanya kazi, lakini si kila programu iko kwenye kila mfumo. Usikubali jibu la "zipo zote". Fungua duka la programu kwenye TV yenyewe na utafute ile mnayotumia nyumbani, iwe ya mpira, ya nyimbo au ya mawaidha. Jihadhari na TV zisizo na jina zinazotumia Android ya simu iliyobandikwa tu: nyingi hazina kibali cha Netflix, na baada ya mwaka programu zinaacha kufunguka. Hilo linatibika kwa kifaa kidogo cha kuchomeka HDMI, kwa hiyo lisikufanye uiache TV yenye kioo kizuri.

Bando nalo liingize kwenye hesabu. Netflix wenyewe wanasema picha ya 4K hutumia hadi GB 7 kwa saa, na HD hadi GB 3. Filamu moja ya saa mbili kwa 4K ni GB 14. Kama nyumbani hakuna faiba na mnatumia hotspoti ya simu, mtatazama HD au chini yake, na nusu ya sababu za kununua TV ya ghali itakuwa imekaa tu.

Sauti za TV nyembamba ni nyembamba pia. Ukiwa na sabufa ya zamani yenye waya wa nyekundu na nyeupe, hakikisha TV ina tundu la hedifoni au la kutolea sauti, maana nyingi mpya zimebakiwa na optiko (sauti kwa waya wa mwanga) na HDMI ARC (tundu la HDMI linalotoa sauti). Bluetooth inafaa kwa muziki. Kwenye mpira mdomo wa mtangazaji na sauti vinaweza kupishana.

Kuhusu umeme: TV nyingi za sasa zinavumilia volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo haziuogopi. Zinachoogopa ni ule mshtuko wa umeme unaporudi baada ya kukatika. Kifaa cha kulinda, kile kinachoitwa TV guard madukani, hukata umeme usiofaa na kusubiri utulie kabla ya kuurudisha. Bei yake ukilinganisha na TV ni ndogo mno, na kwa OLED au Mini-LED nisingeiwasha siku ya kwanza bila hicho.

Wanaoletewa TV na ndugu kutoka Muscat, Dubai au Minnesota: za Muscat na Dubai plagi na volti kwa kawaida havisumbui. TV ya Marekani ina plagi tofauti na nyingine ni za volti 120 tu, kwa hiyo soma maandishi ya mgongoni kabla ya kuichomeka. Pia haina kipokezi cha DVB-T2, mfumo wa TV ya antena unaotumika Tanzania na Kenya, kwa hiyo antena ya moja kwa moja haitashika chaneli. Ukiwa na king'amuzi cha HDMI hutaligundua kabisa. Linalouma ni dhamana, ambayo mara nyingi hubaki kule ilikonunuliwa.

Na usafiri. TV husafirishwa imesimama kama inavyokaa ukutani, hailazwi. Inchi 55 iliyolazwa nyuma ya bajaji juu ya mahindi inaweza kufika na ufa usioonekana mpaka uiwashe, na hapo dukani watakuambia ilitoka nzima. Iwashe dukani, weka picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu, tafuta nukta zilizokufa, na uone namba ya kwenye boksi inalingana na ya mgongoni mwa TV na ya kwenye risiti.

Kwa hali yako

Nyumba ya chumba kimoja na sebule, kochi liko mita moja na nusu au mbili, mnatazama king'amuzi na YouTube: LED ya inchi 40 au 43 yenye jina linalojulikana na fundi wa kampuni mjini. Kinachobaki kinunulie TV guard na bando.

Nyumba ya mpira, ambako majirani hujazana wakati wa dabi ya Kariakoo na mtajazana zaidi AFCON ya 2027 ikichezwa Kenya, Uganda na Tanzania: anza na ukubwa. LED ya 55 au 65 yenye kioo cha IPS kama watu wanakaa hadi pembeni. QLED yenye 120Hz kama mfuko unaruhusu na wengi wanakaa mbele. Nenda dukani na kipande cha mechi kwenye flashi yako, kirekodi chochote cha dakika tano, utazame kwenye kila TV unayoifikiria. Mwambie muuzaji atoe Vivid aweke Standard. Dakika hizo tano zitakuambia zaidi ya samaki wale.

Sebule ya ghorofani yenye vioo vikubwa, au nyumba ya pwani inayoshinda wazi mchana: Mini-LED kama unaweza, la sivyo LED na pazia zito. OLED hapo ni kununua kioo cha kujitazamia hadi jua lizame.

Wawili wanaotazama filamu usiku taa zimezimwa, faiba ipo, hakuna mtoto mdogo, na TV haishindi kwenye chaneli moja: OLED ya 55. Kwa watu hawa fedha ya ziada inaonekana kwenye kioo kila usiku.

Nyumba yenye wazee wanaoweka taarifa ya habari kuanzia alfajiri: LED au QLED, bila kujadili sana. Chagua pia rimoti yenye vitufe vichache na vikubwa, maana watakaoitumia siyo nyinyi.

Vijana wa PlayStation 5: QLED au Mini-LED ya 120Hz yenye HDMI 2.1, au OLED kama wanabadilisha michezo. Anayecheza mchezo mmoja wa mpira saa sita kila siku, na ubao wa matokeo ukiwa kona ileile, aiepuke OLED.

Kijijini kwa umeme wa sola: hapa mashindano ya aina tatu yakae pembeni. Tafuta LED ndogo ya inchi 24 au 32 ya volti 12 inayounganishwa moja kwa moja na betri. Ukitumia TV ya kawaida utahitaji inveta, na inveta yenyewe inakula umeme hata kabla TV haijawaka. Uliza wati kabla ya kuuliza bei, kisha zidisha kwa saa mnazotazama usiku, ulinganishe na kile betri yako inachobaki nacho jua likishazama.